Verna Luokkala: Miaka Arobaini ya Kusema kwa Niaba ya Wengine

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, saa nane mchana, Bi. Verna Luokkala atafunga droo ya meza yake na kustaafu kazi ya Afisa Uhusiano wa Ushirika wa Umeme wa Port Lavigne. Aliajiriwa Juni 1984. Hiyo ni miaka arobaini, ukitoa miwili ambayo taifa lilimwazima kwetu, kwa sababu Bi. Verna ndiye mfanyakazi pekee wa ushirika huu aliyewahi kuwa Mbunge katika Kongresi ya Marekani.

Wasifu wa wastaafu katika jarida hili siku zote umeandikwa na yeye. Aliwaaga mafundi wa nguzo, makarani, mpishi wa kantini, na hata yule meneja ambaye wengi wetu tulimwombea astaafu mapema. Tulidhani safari ile atashindwa. Akaenda akauliza kwa majirani, akagundua kwamba mzee yule kila alfajiri ya theluji alikuwa akiwasafishia wajane wawili ngazi za nyumba zao kabla ya kuja kutununia sisi. Akampatia aya nne, na zote zilikuwa za kweli. Sasa kalamu imeniangukia mimi, jirani yake wa meza tangu 1989, na amekataa katakata kuusoma wasifu huu kabla haujachapwa. Makosa yote ni yangu. Najua atayaona, na najua hatasema kitu, na hilo ndilo linalonitia jasho.

Bi. Verna alizaliwa mwaka 1957 katika nyumba ya mbao pale ufukweni mwa ziwa, baba akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi na mama akioka mkate wa iliki wa kuuza. Ana ndugu mmoja tu, mdogo wake Reino, aliyemfuata baba kiwandani akiwa hajamaliza hata kuota ndevu. Verna yeye alishika karatasi kwa upande mwingine. Alianza kama mwandishi wa habari wa gazeti letu la mjini, akiripoti mikutano ya bodi ya maji na mashindano ya kuvua samaki kwenye barafu, mpaka ushirika ulipomchukua ili awaeleze wanachama kwa nini umeme umekatika.

Umeme ulikatika sana miaka ile. Wakongwe wanakumbuka kisa cha kindi aliyeingia kwenye kituo cha kupozea umeme na kuuzima mji mzima Jumapili ya Pasaka, nyama ikiwa bado mbichi kwenye majiko. Simu zikamiminika, na matusi humo humo. Bi. Verna akatoa taarifa kwamba hitilafu ilisababishwa na "mkazi mwenzetu wa kimo kifupi, ambaye ameshalipa gharama kwa maisha yake." Wiki ile tulipokea kadi kumi na kitu kutoka shule ya msingi, zote za rambirambi kwa mama wa kindi. Hakuna aliyeulizia tena nyama yake. Duane Sturgul, fundi wetu wa nguzo, aliibandika mojawapo ndani ya kabati lake, na ipo hadi leo.

Kipaji chake kilikuwa hicho: kusema jambo hadi aliyekasirika akasahau alikasirikia nini. Alikuwa na utaratibu wake wa kazi, na alitufundisha sote. Kabla ya jambo lolote lenye njia mbili, aliandika taarifa mbili. Bodi ikipiga kura kupandisha bei ya umeme, taarifa ya kupanda ilikuwa tayari, na ya kutopanda ilikuwa tayari, pacha mmoja kulia na mwenzake kushoto. Alisema mtu asiandike siku ya tukio, kwa sababu siku hiyo mkono huandika hasira au furaha, na vyote viwili havifai kuchapwa. Kwa miaka minane pacha wake hawakuwahi kumwangusha.

Halafu ukaja mwaka 1992. Mbunge wetu wa siku nyingi alitangaza kupumzika, na chama chake kikakosa mtu wa kugombea. Walikutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, wakala mkate, wakanywa kahawa, wakakataliana majina mpaka wakachoka. Mwishoni mama mmoja wa kule nyuma, ambaye hata hakuwa mjumbe, akasema: "Jamani, si mumchukue yule mwanamke wa umeme? Yule mtu ananipigia simu nikiwa gizani na bado namwamini." Basi ikawa hivyo. Verna alikuja kazini kesho yake akakaa muda mrefu akiangalia ziwa, kisha akaniuliza kama nadhani ni wazimu. Nikamwambia ndiyo, ni wazimu, na kura yangu anayo.

Kampeni aliiendesha kwa gari la Reino. Reino Luokkala si mtu wa maneno. Ukimsalimu Jumatatu, jibu utalipata Jumatano. Lakini majira yale ya kiangazi alimzungusha dada yake katika kila kijiji cha wavunaji magogo, akimfungulia mlango wa gari kila kituo, na watu walipomuuliza kwa nini wamchague Verna, alijibu: "Akisema atapiga simu, anapiga." Hotuba yote ilikuwa hiyo. Mimi nasema ndiyo iliyompa ushindi.

Siku ya kuapishwa, Januari 1993, Reino aliendesha gari siku mbili kwenye theluji hadi Washington kwa sababu haamini ndege. Alikaa juu kwenye roshani ya wageni akiwa amevaa tai ya marehemu baba yao. Verna alipoinua mkono kula kiapo, Reino alisimama akapiga makofi, peke yake, na askari wa Bunge akamwambia akae. Akakaa. Baada ya dakika akasimama tena. Verna alinisimulia kisa hicho mara nyingi mno, na kila mara alicheka mpaka akafuta macho. Alisema aliangalia juu, katika watu wale mamia, akamwona mmoja tu.

Kazi ile aliipenda. Niliseme wazi, kwa sababu yeye kwa miaka yote hii amelisema mara moja tu, siku tuliyokwama ofisini kwa dhoruba. Alisema: "Noreen, mimi nilikuwa mbunge wa kawaida kabisa, hakuna sheria yenye jina langu. Lakini nilikuwa naamka asubuhi nina haraka ya kufika." Baada ya hapo akabadilisha mazungumzo, akauliza kama jenereta ina mafuta.

Watu wa kule walimshauri aajiri msemaji, kama wabunge wote. Alikataa. Ya nini kumlipa mtu kwa kazi ambayo yeye ameifanya miaka minane? Waswahili wana msemo kwamba kinyozi hajinyoi. Bi. Verna alishika wembe mwenyewe, na ndipo alipojikata.

Mnajua ninakoelekea, na mnaojua mnajiuliza kama nitathubutu. Nathubutu, kwa sababu wasifu wa Verna Luokkala usio na Msitu wa Onion ungekuwa taarifa ya aina ambayo yeye mwenyewe aliacha kuiandika.

Muswada ulikuwa wa kukipa kiwanda cha karatasi haki ya kuvuna katika Msitu wa Onion, msitu wa serikali. Kiwanda kiliahidi mashine mpya na ajira. Nusu ya jimbo walitaka magogo, nusu walitaka vibanda vyao vya kuwindia kulungu viachwe palipo, na katika familia nyingi nusu hizo mbili zililala kitanda kimoja. Ndani ya muswada kulikuwa na kifungu kinachokilazimisha kiwanda kutopunguza wafanyakazi kwa miaka kumi. Kwa ajili ya kifungu hicho, Verna alikuwa ameamua kusema ndiyo. Alimwambia Reino hivyo kwa simu. Na kama kawaida yake, aliandika pacha wawili.

Ilikuwa siku ya katikati ya wiki, mwezi Agosti 1994. Gazeti letu hufunga ukurasa wa kwanza saa kumi na mbili jioni, na kura ilitarajiwa karibu na saa hiyo hiyo. Verna akaiweka taarifa ya ndiyo kwenye mashine ya faksi, akaitega itume yenyewe saa kumi na mbili kasorobo, gazetini, redioni na kwenye chama cha wafanyakazi wa kiwanda, kisha akavuka barabara kwenda ukumbini. Kule ndani, mjadala ukiwa unafungwa, likaletwa badiliko la dakika za mwisho. Kifungu cha ajira kikatolewa. Kiwanda kingepata msitu, na wafanyakazi wasingepata hata karatasi ya ahadi. Kengele ya kupiga kura ikalia. Bi. Verna akatia kadi yake, akabonyeza hapana.

Alitoka ukumbini, alivyosema, akiwa na moyo mweupe kuliko siku yoyote ya maisha yake. Alikuwa amefika nusu ya korido alipokumbuka mashine.

Huku nyumbani taarifa ilishafika. Reino, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi zamu ya jioni, aliipokea mkononi. Mtu yule asiyesema alipanda juu ya meza ya kantini ya kiwanda na kuwasomea wenzake, neno kwa neno, jinsi Mheshimiwa Verna Luokkala alivyosimama na wafanyakazi akapiga kura ya ndiyo. Walishangilia. Walimbeba. Kesho yake asubuhi gazeti likatoka na kichwa cha habari VERNA ASEMA NDIYO, na redio ikawa inasema amesema hapana, na muswada umeanguka.

Watu wangeweza kuisamehe kura. Wengi wetu tukielezwa kuhusu kile kifungu tulimwelewa. Lakini mji ulikuwa umeambiwa ndiyo kwa maandishi, kwa jina lake, na uzuri wa taarifa ile ndio uliotuumiza. Aliandika vizuri mno jambo ambalo hakulifanya. Wakampa jina la Ndiyo-Hapana. Watoto waliliimba. Kule kiwandani Reino alipoingia zamu, walimuuliza: "Shemeji wa taifa, leo ni ndiyo au ni hapana? Au dada hajakutumia?"

Wakubwa wa chama walimjia Verna na njia ya kutokea. Sema mashine iliharibika. Sema karani alikosea. Karani tutampatia kazi kwingine. Kwa mtu wa kazi yake hiyo ilikuwa taarifa ya dakika kumi. Verna alirudi Port Lavigne, akaita watu kwenye ukumbi ule ule wa chini wa kanisa, akasimama bila karatasi. Alisema: "Mashine ilifanya nilichoiambia. Karani hakugusa kitu. Niliandika ndiyo, nikaandika na hapana, na nikatuma kabla sijajua nitakuwa nani siku hiyo. Kura yangu ningeipiga hivyo hivyo tena. Taarifa yangu siwezi kuitetea." Nilikuwepo, safu ya tatu. Tulisikia birika la kahawa likichemka. Hakuna aliyezomea. Novemba hiyo akashindwa, kwa kura chache kiasi kwamba waliozipiga wangeenea wote kwenye ukumbi ule.

Reino hakuwa safu yoyote. Alimwambia nje, kwenye maegesho ya magari, na waliokuwa wakiwasha magari yao walisikia: "Kura ni yako, dada. Hapo sina neno. Lakini mimi nilipanda juu ya meza nikawasomea watu jina letu." Toka siku ile hakuja tena kwenye sauna, lile bafu la mvuke la kila Jumamosi katika nyumba ya wazazi wao, ambako walikuwa wakikaa pamoja tangu walipokuwa wa kubebwa. Walionana misibani. Walipeana mkono, wakaulizana habari za barabara, kila mtu akaenda zake. Kiwanda kiliendelea hadi 2009 kikafungwa kwa sababu zake, wengine wanasema za bei ya karatasi, wengine bado wanasema za Verna. Mimi si mchumi.

Bi. Verna alirudi mezani kwake Februari 1995. Tulimwandalia keki, tukashindwa kupata maneno ya kuandika juu yake, tukaandika "Karibu". Duane peke yake ndiye aliyejua la kufanya. Aliingia na buti zake za matope akapaza sauti: "Ewe Mheshimiwa! Transfoma ya barabara ya kaskazini imelala. Unaipigia kura au unaipeleka kamati?" Verna akacheka, na ofisi yote ikapumua. Jina la Mheshimiwa limebaki tangu hapo. Huanza kama utani, na kwa wale wanaomjua humalizikia kwingine.

Lakini miezi ile ya kwanza nilikuwa nikiona jambo ambalo sikumwambia mtu. Karakana yetu ina kengele ya kubadilisha zamu. Kila ilipolia, Verna alisimama. Alichukua mkoba, akapiga hatua moja kuelekea mlangoni, kisha akakumbuka aliko. Alikaa tena taratibu, akavuta karatasi, akaendelea na habari za transfoma. Iliendelea hivyo hadi majira ya joto. Nilijifanya nasoma. Iliniuma sana, na sikujua la kusema, kwa sababu maneno ndiyo kazi yake na mimi kazi yangu ni kusajili wanachama.

Hakuandika pacha tena. Hilo ndilo badiliko kubwa la kitaalamu katika historia ya idara yake, na mafanikio yote yaliyofuata yametoka hapo. Ile Desemba ya dhoruba ya barafu, nguzo zilipolala kama njiti za kiberiti na tukawa hatujui tutawasha lini, mashirika mengine yalitangaza kwamba huduma ingerejea "hivi karibuni". Verna aliingia redioni akasema: "Hatujui. Msingojee leo. Nendeni kwa mwenye jiko la kuni, na ukiwa unalo wewe, fungua mlango." Meneja alishika kichwa. Usiku ule milango ilifunguliwa barabara nzima, na hakuna mzee wetu hata mmoja aliyepotea kwa baridi. Shirikisho la vyama vya umeme lilimpa tuzo kwa hilo. Ameitumia kuzuia dirisha lisijifunge.

Ameongoza kampeni tatu za kuzuia ushirika huu usiuzwe, na zote tumeshinda. Amewafundisha vijana kumi na wanane walioko sasa kwenye ofisi kubwa kubwa, na wote wanakiri kwamba aliwafutia vivumishi hadi wakalia. Amekaanga samaki katika kila mkutano mkuu. Ameandika, kwa hesabu ya Duane ambayo siyo ya kuaminika, maneno mengi kuliko nyuzi za waya tulizotandaza. Karibu yote hayana jina lake.

Sasa, kila mwaka kuna siku moja ambayo Baraza la Wawakilishi huwafungulia mlango wabunge wake wa zamani. Huingia ukumbini, hukaa kwenye viti vile vile, na majina yao husomwa mmoja mmoja, kila mtu akaitika. Kila mwaka mwaliko ulikuja hapa ofisini, na kila mwaka niliuona ukikaa juu ya meza wiki mbili, halafu haupo. Nilimuuliza mara moja mbona haendi. Alisema: "Nitaingia mle Reino akiwa juu pale, au sitaingia." Aliyasema akiwa anapanga faili, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa. Lakini alikuwa akiutaka mlango ule. Mtu akitaka kitu kwa miaka ishirini na tisa, jirani wa meza hahitaji kuambiwa.

Mwaka huu aliushika mwaliko, akaugeuza, akasema: "Juni nikitoka hapa sitakuwa na meza ya kujificha nyuma yake. Naenda." Alimwagiza Duane, ambaye ni jirani wa Reino, amfikishie habari. Duane akarudi na jibu: "Amesema safari njema." Verna alishukuru. Akaondoka peke yake, kwa ndege, mwezi uliopita, na tai ya marehemu baba ilibaki kwenye kabati la Reino.

Bi. Verna, kuanzia hapa nakuandikia wewe. Ulirudi Jumatatu, ukaweka mkoba, ukauliza kama kuna mahali umeme umekatika. Hukuuliza kitu kingine, nami sikusema, kwa sababu nilikuwa nimeshakuwekea habari hapa.

Asubuhi mliyosomewa majina kule Washington, nilikuwa mkahawani kwa Wuori kununua mkate. Wastaafu wa kiwanda walikuwa kwenye meza yao ya siku zote, wanane au tisa, na televisheni juu ya kaunta ilikuwa inaonyesha mpira wa magongo wa marudio. Reino akaingia. Alikuwa amenyoa. Alikuwa na shati la kanisani, siku ya kazi, na shingoni alikuwa na ile tai. Hakuna aliyethubutu kuuliza nani amekufa. Akamwambia Wuori: "Nitafutie Bunge." Wuori akatafuta.

Mlikuwa mnaonekana visogo tu. Karani alikuwa anasoma majina, na Reino hakuketi, alisimama katikati ya mkahawa, kofia mkononi. Walipokaribia herufi yenu, Elmer, yule aliyekuwa naye zamu moja, akacheka, akasema: "Haya, tusikie. Leo Ndiyo-Hapana atajibu lipi?"

Reino hakugeuka. Alisema: "Nyamaza, Elmer. Wanasoma jina letu."

Karani akasoma: Luokkala. Kukapita kitambo kidogo, labda ulikuwa unatafuta sauti, labda ulikuwa umeangalia juu kwenye roshani. Ninyi kule hamkuweza kujua. Lakini hapa, kwa Wuori, mbele ya watu wale wale aliowasomea siku ile, Reino alisema kabla yako, kwa nguvu, kama mtu anayeogopa utaandikwa kuwa haupo: "Yupo!"

Ndipo tukakusikia ukiitika.

Elmer alivua kofia yake. Wengine nao wakavua. Reino alibaki amesimama hadi jina la mwisho, watu usiowajua na yeye asiowajua, akawasubiri wote. Akitoka, nilimwambia nitayaandika haya kwenye jarida. Alifikiri kwa muda wake ule. Akasema: "Andika. Ila usipambe."

Sijapamba. Nimemuuliza kama atakuja Ijumaa kwenye karakana, kwenye kahawa na mkate. Amesema: "Nitaona." Duane anasema tai imepelekwa kwa dobi.

Kwa niaba ya wafanyakazi, bodi na wanachama wote uliowaeleza giza lao, asante, Mheshimiwa. Tutakukumbuka sana, na mimi zaidi ya wote, kwa sababu sijui nitamwangalia nani kengele ikilia. Mungu akupe afya na siku nyingi pale ufukweni. Ijumaa nitasimama nisome majina ya waliohudhuria, kama desturi yetu ilivyo. Nikifika herufi ya L, nitasoma mawili.

*Noreen Cadotte, Huduma kwa Wanachama*